Wissmann na Sheria ya Kwanza ya Wanyamapori



Kwa kawaida kurasa hizi huwa tunawakumbuka walimu wetu, makapteni wa timu, na wenzetu waliopata vyeo. Safari hii naomba ruhusa yenu nimweleze mtu ambaye sidhani kama yuko mmoja wetu angependa kumkaribisha kwenye karamu ya mwaka. Ni Hermann von Wissmann. Tukiwa madarasani tulimkariri kwa ajili ya mtihani tu: aliletwa lini, alipigana na nani, alimnyonga nani. Mtihani ukaisha, naye tukamsahau. Mimi nilikutana naye tena baada ya kumaliza mafunzo ya uhifadhi na kuajiriwa katika Idara ya Wanyamapori. Mzee mmoja wa kazi alinipa historia ya sheria za uwindaji nchini niisome, na katika ukurasa wa kwanza kabisa jina la mtunga sheria lilikuwa lilelile. Tangu siku hiyo nimekuwa nikimfuatilia, kwa sehemu kwa udadisi, kwa sehemu kwa uchungu, maana mimi ni mzaliwa wa Ubena, na nchi aliyoipiga mizinga ndiyo nchi yetu.

Wissmann alizaliwa tarehe 4 Septemba 1853 huko Frankfurt, si ule mji mkubwa unaojulikana, bali ule ulio kando ya mto Oder, mashariki ya Ujerumani. Akawa ofisa wa jeshi akiwa kijana. Mwishoni mwa 1880 alisafiri kwa meli pamoja na mpelelezi Paul Pogge hadi Luanda, na kutoka huko wakashika njia ya bara. Walipofika Nyangwe kwenye mto Lualaba, mwaka 1882, Pogge alirudi nyuma, lakini Wissmann akaendelea mbele na watu wachache. Akavuka Ziwa Tanganyika, akaonana na Mirambo, akapita Tabora, na mwishoni mwa mwaka ule akaiona bahari. Sasa sikilizeni alitokea wapi: alitokea Saadani. Bandari ile ndogo ya kwetu, kaskazini ya mdomo wa Wami, ndiyo iliyompokea mtu aliyekuwa ametembea kutoka bahari moja hadi bahari nyingine. Naomba mlikumbuke jina hilo, tutalirudia.

Baadaye alimtumikia Mfalme Leopold wa Ubelgiji, akaupeleleza mto Kasai mpaka unapoungana na Kongo. Akavuka bara mara ya pili, akatokea Quelimane, Msumbiji, mwaka 1887. Huko Ulaya alikuwa mtu mashuhuri tayari, hajafika umri wa miaka 35.

Hapana budi niseme kidogo juu ya Bagamoyo ya miaka ile, maana bila hiyo habari nzima haieleweki. Bagamoyo ilikuwa mji wa pembe. Misafara ya Wanyamwezi ilishuka kila mwaka na maelfu ya wapagazi, pembe za ndovu mabegani, wakipita Mpwapwa na Ukwere na kuvuka Ruvu hadi pwani. Kutoka Bagamoyo pembe zilivushwa kwenda Unguja, na kutoka Unguja zikaenda Bombay kuwa bangili, na London na Marekani kuwa vitufe vya piano na mipira ya biliadi. Ndovu wa karibu na pwani walikwisha zamani. Kila mwongo ulivyopita wawindaji walilazimika kwenda mbali zaidi. Wissmann aliiona hali hiyo kwa miguu yake mwenyewe mara mbili. Hakuna Mzungu mwingine wa wakati ule ambaye baadaye alipata madaraka ya kutunga sheria hapa kwetu na aliyekuwa ameiona biashara ya pembe kwa urefu wa namna hiyo, toka chimbuko mpaka bandarini.

Vita tunavijua. Mwaka 1888 Kampuni ya Wadachi ilikuja kuchukua miji ya pwani kwa mkataba wake na Sultani, wenyeji wakakataa. Abushiri bin Salim aliongoza Pangani na Bagamoyo, na Bwana Heri akaongoza Saadani na Uzigua. Kampuni ikashindwa, serikali ya Berlin ikaingia, bunge lao likatoa marki milioni 2, na mwanzoni mwa 1889 Wissmann akateuliwa kuwa kamishna. Aliajiri Wasudani huko Misri na watu wa kusini ya Msumbiji, akafika Bagamoyo, na tarehe 8 Mei 1889 akaivamia boma ya Abushiri nje kidogo ya mji. Mwezi uliofuata manowari zikaelekezwa Saadani. Mji ukapigwa mizinga na kuchomwa. Yaani mahali palepale alipoiona bahari baada ya safari ndefu kupita zote za maisha yake, miaka saba haijatimia, alirudi na moto. Abushiri alikamatwa akanyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri alipigana hadi mwaka uliofuata ndipo akasalimu.

Katikati ya mambo hayo mazito kuna kisa kimoja ambacho watu wa Bagamoyo bado wanakisimulia. Mapema Desemba 1889 Stanley alifika kutoka bara pamoja na Emin Pasha, aliyekwenda kumwokoa kutoka nchi za juu za Nile. Wissmann akawaandalia karamu kubwa. Emin, ambaye macho yake yalikuwa dhaifu, alitoka kwenye dirisha la ghorofani akidhani ni mlango wa roshani, akaanguka chini, akalazwa hospitali miezi. Amenusurika misitu na vita vya miaka, karamu ikamvunja!

Wissmann alirudi kwao mwaka 1891, akaja tena kusafirisha meli ya vipande vipande hadi Ziwa Nyasa, meli iliyopewa jina lake mwenyewe. Mwaka 1895 akarudi kuwa Gavana, safari hii makao makuu yakiwa Dar es Salaam. Novemba ya mwaka huo huo, chini ya ugavana wake, Hassan bin Omari Makunganya alinyongwa Kilwa Kivinje. Mwembe ule hata leo unatajwa.

Na sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Tarehe 7 Mei 1896, miezi sita baada ya Kilwa, Gavana huyo huyo alitoa kanuni ya kulinda wanyama wa porini. Ilikuwa kanuni ya kwanza ya namna hiyo kwa nchi nzima. Kuwinda sharti uwe na kibali cha kulipia. Wanyama wachanga, pamoja na ndovu wadogo, wasiuawe. Majike yahifadhiwe. Kadhalika aliagiza wakuu wa vituo wamtafutie maeneo yenye wanyama wengi ili yatengwe, mtu asiwinde humo bila ruhusa ya serikali, wanyama wapate pa kukimbilia na kuongezeka. Maeneo ya kwanza yakatengwa: moja upande wa Kilimanjaro, jingine Rufiji. Hilo la Rufiji ndilo lililokuja kukua likawa Pori la Akiba la Selous, mwaka 1982 likaingizwa katika urithi wa dunia, na tangu 2019 sehemu yake kubwa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere. Kwa hiyo ndugu zangu mnaojivunia Selous, mzizi wake ni karatasi ya Wissmann.

Nimewahi kusoma maelezo aliyoyatuma kwa maofisa wake kuhusu kanuni hiyo. Anaeleza kwamba mambo yakiendelea hivi aina nyingi zitatoweka hivi karibuni, na kwamba ni wajibu kuwafikiria watakaokuja nyuma. Mpaka hapo nakubaliana naye neno kwa neno. Mimi mwenyewe nilikuwa nikiwaambia wanavijiji maneno ya aina hiyo miaka mingi. Lakini anaendelea kueleza hao watakaokuja nyuma watapata nini: watapata burudani ya kuwinda Afrika. Basi nikaelewa. Vizazi alivyokuwa akivifikiria havikuwa vya Ubena wala vya Saadani. Mkwere anayewinda digidigi kwa mboga ya jioni hawindi kwa burudani. Tena yeye Wissmann alikuwa mwindaji hodari aliyependa bunduki kuliko kiti cha ofisini. Mwaka 1901 alitoa kitabu kizima cha uwindaji wake wa Afrika na Asia.

Hata hivyo lazima tumpe haki yake kwa jambo moja, nalo ni kubwa. Aliona kwamba sheria ya nchi moja haitoshi. Pembe haina uraia. Ukikataza pembe ndogo Bagamoyo, mpagazi atazipeleka Mombasa, au zitatokea upande wa Kongo, na ushuru utaliwa na jirani yako huku ndovu wako wameshakufa. Mfanyabiashara hufuata bandari iliyo wazi. Kwa hiyo mwaka 1897, baada ya kuacha ugavana kwa sababu ya afya, alishauri Berlin kwamba mataifa yote yenye makoloni Afrika yakutane na kuweka sheria moja. Waingereza walikuwa wameshaisoma kanuni yake ya 1896 na kuwauliza watawala wao wa Afrika maoni, hivyo walikubali kuwa wenyeji. Mkutano ulifanyika London mwaka 1900 na Wissmann akahudhuria kwa niaba ya Ujerumani. Tarehe 19 Mei mkataba ukatiwa sahihi na Uingereza, Ujerumani, Ufaransa, Ureno, Hispania, Italia, na ile Dola Huru ya Kongo ya Leopold, ambayo kwa wakati ule ilikuwa ikilazimisha watu kuleta pembe na mpira kwa kiboko. Huo ndio mkataba wa kwanza wa kimataifa kuhusu wanyamapori wa Afrika, na hakuna Mwafrika hata mmoja aliyeketi mezani.

Mkataba ule unafaa kusomwa hata leo, kwa faida na kwa kicheko. Wanyama waligawanywa katika orodha. Kuna wasioguswa kabisa: twiga, sokwe, pofu, pia tai mzoga na bundi, kwa sababu ya faida yao. Kuna wanaolindwa wakiwa wachanga, na majike yenye watoto. Kuna wa kuwindwa kwa hesabu. Kisha ipo orodha ya wabaya, ambao wapunguzwe: simba, chui, fisi, mbwa mwitu, nyani, mamba, nyoka. Mayai ya mamba na ya nyoka wenye sumu yavunjwe. Leo mtalii analipa fedha nyingi kuja kumtazama simba, na mbwa mwitu tunawahesabu mmoja mmoja kwa woga wasije wakatuishia. Jedwali la wabaya la 1900 ni ushahidi kwamba hata wataalamu walikuwa wakiwatazama wanyama kwa jicho la mwindaji: simba alichukiwa kwa sababu alikula swala ambao bwana alitaka kuwapiga yeye.

Mkataba ulikataza baruti na sumu katika uvuvi, ukataka nyavu na mashimo ya kunasia wanyama yadhibitiwe, na ukaweka kwamba pembe yoyote ya ndovu yenye uzito chini ya kilo 5 itaifishwe. Kipengele hicho cha kilo 5 ni cha mtu aliyejua kazi. Ukikuta pembe ndogo sokoni, fahamu kwamba wakubwa wamekwisha. Miaka ya 1980 nikiwa kituoni kusini, nilisimama mbele ya mizani ya ghala tukipima pembe zilizokamatwa, na nyingi hazikufika kilo 5. Kulikuwa na jozi ambazo mtoto wa darasa la pili angeweza kuzibeba kama kuni. Selous ilikuwa na ndovu zaidi ya laki moja mwaka 1976, na kufikia mwisho wa miaka ya 1980 zaidi ya nusu hawakuwepo. Mwaka 1989 serikali yetu iliendesha Operesheni Uhai, na mwaka huo huo Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi zilizopendekeza biashara ya pembe ifungwe duniani kote, chini ya mkataba wa CITES wa 1973. Fikra ilikuwa ileile ya 1897, ya kufunga bandari zote kwa pamoja, isipokuwa safari hii waliokuwa wakizungumza ni wenye nchi.

Mkataba wa 1900 wenyewe haukupata kuanza kazi. Waliotia sahihi wengi hawakuuthibitisha, kila mmoja akimwangalia mwenzake na mapato ya pembe. Hata hivyo vipengele vyake viliingia katika sheria za makoloni, na mwaka 1933 mkataba mwingine wa London ukashika nafasi yake.

Huku kwetu kanuni zilizofuata ziliendelea kubana. Babu yangu mzaa baba alikuwa mtu wa nyavu. Kijiji kizima kilitoka, wanawake na watoto wakipiga kelele kuwafukuza wanyama, wanaume wakingoja kwenye nyavu, na nyama ikagawanywa kwa utaratibu wa wazee. Nyavu zile zilikuwa pia ulinzi wa shamba, maana nguruwe na nyani hawasomi kanuni. Alipokuwa akitusimulia, alisema kwamba alilala mwindaji akaamka mwizi, ingawa hakuna kitu alichobadilisha katika mwenendo wake. Nilipovaa sare ya Idara alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza mshahara ni kiasi gani. Hakuuliza kingine.

Wissmann hakukaa aone matokeo. Afya yake ilikuwa imeharibika kwa maradhi ya safari na kwa dawa alizozizoea kutuliza maumivu. Aliishi kwenye shamba lake Weissenbach, nchi ya Austria, na tarehe 15 Juni 1905 akiwa katika kuwinda bunduki yake mwenyewe ilimuua. Alikuwa na umri wa miaka 51. Alizikwa Köln. Wiki chache tu baadaye, Julai 1905, Wamatumbi walianza Maji Maji. Pamba ya kulazimishwa ndiyo inayotajwa kwanza, na ni kweli. Lakini wapo wanahistoria wanaoonyesha kwamba watu walikuwa pia wamenyimwa njia zao za kupambana na wanyama waharibifu mashambani. Baada ya vita na njaa, vijiji vingi vya Rufiji na kusini vikabaki mapori, na wanyama wakasogea palipokuwa pa watu. Sehemu ya uzuri wa porini tunaowaonyesha wageni ilipatikana kwa njia hiyo, na sisi tuliofanya kazi huko tulijua tukikuta vigae vya vyungu chini ya miti mikubwa.

Wadachi walimsimamishia sanamu Dar es Salaam mwaka 1909. Yeye juu, na chini askari Mwafrika akimwinulia macho, na simba aliyekufa akifunikwa bendera. Waingereza waliiondoa baada ya Vita Kuu, ikarudishwa Ujerumani na kusimamishwa mbele ya chuo kikuu cha Hamburg mwaka 1922. Wanafunzi wa huko waliiangusha mwaka 1967, ikainuliwa, wakaiangusha tena 1968, na haikuinuliwa tena. Mwaka huo huo wa 1968 nchi huru za Afrika zilikutana Algiers na kutia sahihi mkataba wao wenyewe wa kuhifadhi maliasili. Huku kwetu Mwalimu Nyerere alikuwa ameshatoa tamko lake la Arusha la Septemba 1961 kuhusu wanyamapori, kabla hata bendera haijapandishwa.

Nimeulizwa mara nyingi kama ni haki kumtaja Wissmann katika historia ya uhifadhi. Mimi nasema tumtaje, tena kwa kirefu, lakini tusiikate habari yake vipande viwili, kwamba huyu wa mizinga ni mmoja na huyu wa ndovu ni mwingine. Mkono ni mmoja. Aliamini nchi ni mali yake, ndiyo sababu aliichoma alipotaka na akaihifadhi alipotaka, na mara zote mbili hakumwuliza mtu. Kanuni yake ilikuwa na akili kuliko zote za wakati ule, na kwa sababu ya namna ilivyoletwa ilituchukua sisi tuliofuata miaka mingi kuwashawishi watu wa vijijini kwamba ndovu si wa serikali peke yake. Sijui kama tumefaulu. Waulizeni wenye mashamba.

Kwa wale wenzangu watakaobaki siku moja zaidi baada ya mkutano wetu, nashauri mwende Saadani. Tangu 2005 ni Hifadhi ya Taifa, nayo inagusa bahari, kiasi kwamba alfajiri unaweza kukuta nyayo za ndovu mchangani. Kijiji bado kipo. Tafuteni mzee wa pale wa kuwatembeza, na kabla hamjamwuliza simba walilala wapi, mwulizeni mji wa Bwana Heri ulikuwa wapi.